Aliyeshindwa Siku ya Ijumaa

Hotuba kwa walimu wa michezo na manahodha wa timu za shule, Mtwara Mjini

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za tangu jana. Manahodha, hamjambo? Naona Nanyumbu wameitikia kwa nguvu kuliko watoto wa Shangani na Ligula waliolala kwao. Haya, jioni uwanjani tutajua nani ana pumzi.

Nimeombwa nizungumzie uongozi katika michezo. Nikamwambia ndugu aliyenialika kwamba mada hiyo ikitajwa saa nne, ikifika saa tano nusu ya ukumbi wamesinzia, na wa kwanza kusinzia ni sisi walimu. Kwa hiyo nitawasimulia habari za mtu mmoja tu. Anaitwa Yannick Noah. Alicheza tenisi ya kulipwa, akatwaa ubingwa mkubwa, kisha akawa nahodha wa timu ya taifa ya Ufaransa kwa vipindi tofauti. Mara ya kwanza alipotwaa kombe akiwa nahodha alikuwa na miaka 31. Mara ya mwisho alikuwa na 57.

Mtaniuliza, Mwalimu, tenisi kwa watoto wa Newala na Tandahimba? Huku kwetu ni mpira wa miguu, netiboli, mpira wa wavu na riadha. Najua. Nimeichagua kwa makusudi, kwa sababu nahodha wake hachezi. Samatta alipokuwa akiiongoza Taifa Stars alivaa kitambaa akakimbia na wenzake. Akifunga, kila mtu anasema nahodha kaongoza. Nahodha wa tenisi ya taifa anaingia kavaa tracksuti, anaketi kwenye kiti karibu na wavu, na hapo atakaa mpaka mechi iishe. Hagusi mpira. Mwondolee nahodha mpira, ndipo utajua kama kuna kitu kingine alichokuwa nacho.

Mashindano yenyewe ni Kombe la Davis, kombe la mataifa lililoanza mwaka 1900 kwa Marekani kucheza na Uingereza. Nieleze utaratibu wake, maana hadithi yangu yote imo humo. Katika miaka ninayoizungumzia, nchi mbili zikikutana zilicheza mechi tano kwa siku tatu. Ijumaa mechi mbili za mmoja kwa mmoja. Jumamosi mechi moja ya wawili wawili. Jumapili mechi mbili tena za mmoja kwa mmoja, wapinzani wakiwa wamebadilishana. Nchi inayofikisha ushindi wa mechi tatu imeshinda. Mechi moja ni ya seti tano (kwa kawaida anayetangulia kupata magemu sita ndiye huichukua seti), anayetangulia kupata seti tatu ndiye mshindi, na hakuna filimbi ya dakika ya 90. Inaweza kwisha kwa saa moja na nusu, inaweza kula saa tano.

Sasa, mcheza tenisi ni mpweke kuliko mchezaji mwingine yeyote ninayemjua, labda bondia. Na bondia ana mtu wake kwenye kona! Katika mashindano ya kawaida ya tenisi, kwa miaka mingi kocha alikatazwa hata kumpa ishara mchezaji wake. Alikaa jukwaani na miwani ya jua, akiumia kimya kimya. Kombe la Davis liliruhusu mtu mmoja aingie ndani, naye ni nahodha. Wachezaji wanapobadilishana upande wa uwanja, mchezaji anakuja kuketi kando ya nahodha wake. Wana sekunde 90. Nahodha anampa taulo, anamfungulia chupa ya maji, anamwambia jambo. Au hamwambii. Kisha mwamuzi anaita, na yule mtu anainuka kwenda kupambana peke yake.

Basi hiyo ndiyo kazi. Kuchagua nani acheze, na kuketi naye.

Noah alizaliwa Sedan, kaskazini ya Ufaransa, tarehe 18 Mei 1960. Baba yake, Zacharie Noah, alikuwa Mkameruni aliyekwenda Ufaransa kucheza mpira wa miguu, na mwaka 1961 alitwaa Kombe la Ufaransa na timu ya Sedan. Mama yake, Marie-Claire, alikuwa Mfaransa, mwalimu. Mwaka 1962 Zacharie aliumia, mpira ukaishia hapo, familia ikahamia Yaoundé, mji mkuu wa Kameruni. Huko ndiko mtoto alikokulia na kujifunza kushika raketi.

Mwaka 1971, akiwa na miaka 11, ulifika Yaoundé ugeni wa wacheza tenisi kutoka Marekani. Mmoja wao alikuwa Arthur Ashe. Naomba niketi kidogo na huyu Ashe, maana bila yeye hatuna hadithi.

Ashe alizaliwa mwaka 1943 Richmond, Virginia, wakati watu weusi na weupe wa huko hawakuruhusiwa kutumia viwanja vya pamoja. Baba yake alikuwa mtunzaji wa uwanja wa michezo wa watu weusi, na nyumba yao ilikuwa ndani ya uwanja huohuo. Mtoto akitoka mlangoni anakutana na tenisi. Viwanja vizuri vya mji vilikuwa vya wazungu, hakuingia. Mwaka 1968 mtoto huyohuyo alishinda mashindano ya wazi ya Marekani, mwanamume mweusi wa kwanza kufanya hivyo, na mwaka 1975 akashinda Wimbledon, mashindano makubwa ya Uingereza, kwa kumfunga Jimmy Connors, ambaye karibu kila mtu alimpa ushindi kabla ya mechi. Afrika Kusini ya makaburu ilimnyima viza, akaendelea kuiomba mpaka mwaka 1973 walipomruhusu, akaenda kucheza mbele ya macho yao.

Huyo ndiye aliyesimama kwenye klabu ya tenisi ya Yaoundé akamwona mtoto mrefu, mwembamba, anapiga mpira kuliko umri wake. Akacheza naye. Akampa raketi. Mpaka hapo ni jambo zuri, lakini ni jambo ambalo mgeni yeyote mwenye moyo mwema angeweza kulifanya, akapigwa picha, akapanda ndege. Ashe alifanya zaidi. Alimpelekea habari Philippe Chatrier, mkubwa katika tenisi ya Ufaransa ambaye baadaye aliongoza shirikisho lao, kwamba kuna mtoto Yaoundé mfanyieni mpango. Mpango ukafanyika. Yannick akapelekwa Nice, kwenye shule iliyochanganya masomo na mafunzo ya tenisi.

Walimu wenzangu, hapa nasema na sisi. Kuona kipaji hakutushindi. Kila mmoja wetu hapa anaweza kunitajia sasa hivi mtoto wa Masasi anayekimbia kama hana mifupa, au binti wa Mikindani ambaye mpira wa netiboli ukimfika mikononi hautoki. Tunawaona, tunawasifia kwenye chai ya saa nne, wanamaliza kidato cha nne, wanarudi shambani kuokota korosho, na sisi tunapata wengine wa kuwasifia. Kinachotushinda ni ile simu ya pili. Kumpigia mtu mwenye nafasi, akisema hana, kumpigia mwingine. Ashe alikuwa mchezaji mwenye ratiba ya dunia nzima na akapata muda wa simu hiyo.

Sitaki niwafiche bei yake pia. Yule mtoto aliondoka kwao akiwa mdogo mno, akaishi mbali na mama na baba kwenye nchi ya baridi na watu wasiomjua. Tukimpeleka mtoto wa Nanyamba kwenye kituo cha michezo Dar es Salaam tukasahau hata kumuuliza kama anakula, hatujamsaidia, tumemhamisha.

Miaka saba baada ya Yaoundé, mwaka 1978, Ashe na Noah walicheza Wimbledon mechi za wawili wawili, upande mmoja wa wavu. Mwaka 1982 wakakutana tena, safari hii pande mbili: fainali ya Kombe la Davis, Grenoble, Ufaransa na Marekani. Ashe alikuwa amestaafu kwa ugonjwa wa moyo, ndiye nahodha wa Marekani. Ameketi kwenye kile kiti, na mbele yake anacheza yule mtoto wake wa Yaoundé dhidi ya John McEnroe. Ijumaa. Noah akaongoza seti mbili kwa moja. Uwanja mzima Wafaransa. McEnroe akageuza, akashinda seti ya nne na ya tano. Marekani wakachukua kombe kwa mechi nne kwa moja.

Shikeni jambo hilo, kwamba Noah aliijua Ijumaa ya namna hiyo kwa mwili wake mwenyewe.

Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1983, alishinda Roland Garros ya Paris, mashindano makubwa kuliko yote yanayochezwa kwenye udongo mwekundu. (Huyo Roland Garros mwenyewe hakuwa mcheza tenisi. Alikuwa rubani, wa kwanza kuruka bahari ya Mediterania kwa ndege, na alizaliwa kisiwani Réunion, kwenye bahari hii hii yetu ya Hindi. Uwanja ulipewa jina lake kama kumbukumbu.) Noah alimfunga Mats Wilander wa Sweden, bingwa mtetezi, kwa seti tatu bila. Katika mashindano yote alipoteza seti moja tu. Alicheza kwa kwenda mbele, kukimbilia wavu, wakati uwanja wa udongo unampendelea anayebaki nyuma na kuvumilia. Mpira wa mwisho ulipotoka nje, mzee Zacharie aliruka kutoka jukwaani akaanguka uwanjani, akainuka, akamkumbatia mwanawe, wote wawili wanalia. Picha zake zipo, mtazitafuta kwenye simu zenu, lakini si sasa. Mwanamume Mfaransa wa mwisho kushinda taji hilo kabla yake ilikuwa mwaka 1946. Baada yake, mpaka leo hakuna mwanamume Mfaransa aliyeshinda tena taji la mmoja kwa mmoja kwenye mashindano yale manne makubwa ya tenisi, yaani ya Australia, Roland Garros, Wimbledon na ya Marekani.

Yaliyobaki ya uchezaji wake nitayapita haraka. Mataji 23 ya mmoja kwa mmoja. Roland Garros ya wawili wawili mwaka 1984, mwenzake akiwa Henri Leconte. Mwaka 1986 alifika nafasi ya tatu duniani, na kwa wawili wawili akawa wa kwanza. Amesimulia mwenyewe hadharani kwamba ule ushindi wa 1983 ulimletea upweke mkubwa, akauhama mji wa Paris akaenda kuishi New York. Nalitaja hili kwa sababu kuna watu wanadhani kijana akishashinda amepona. Nyie mnaowalea mabingwa, watembeleeni hata baada ya kombe.

Sasa tufike Lyon, mwisho wa Novemba 1991. Huku kwetu mwisho wa Novemba akili zote ziko kwenye mnada wa korosho. Kule ndio msimu wa fainali ya Davis. Ufaransa ilikuwa haijalitwaa kombe tangu 1932. Miaka 59. Nahodha ni Noah, ametoka kucheza juzi juzi, wachezaji wake ni wenzake na marafiki zake. Wapinzani ni Marekani: Andre Agassi, na Pete Sampras ambaye wiki mbili tu zilizopita alikuwa ametwaa ubingwa wa kufungia mwaka kule Frankfurt.

Noah akamchagua nani? Guy Forget, huyo sawa, alikuwa miongoni mwa kumi bora wa dunia. Wa pili akamchagua Henri Leconte. Leconte alikuwa nafasi ya 159. Kiangazi hichohicho alikuwa amepasuliwa mgongo. Tena mwaka 1988 alipofungwa fainali ya Roland Garros, akashika maikrofoni kusema na watu wake, watu wake walimzomea. Ukimpima kwenye karatasi, mtu huyo unamwandikia barua ya shukrani kwa mchango wake. Noah alikuwa amecheza naye, amelala naye chumba kimoja safarini, ameshinda na kushindwa naye. Alijua kwamba siku Leconte akiwa sawa, ule mkono wake wa kushoto hauna jibu, na kwamba mtu aliyezomewa na nchi yake ana kitu anakidai.

Ijumaa, Forget akafungwa na Agassi. Yule tegemeo, yule wa kumi bora, kaanza kwa kushindwa. Kisha akaingia Leconte na mgongo wake, dhidi ya Sampras aliyekuwa anaichezea Davis kwa mara ya kwanza maishani. 6–4, 7–5, 6–4. Seti tatu bila. Kila wakibadilishana upande, Leconte anaketi, Noah anamwinamia, uso kwa uso, mkono begani. Sijui kusoma midomo ya Wafaransa, ila mtu aliyekuwa anacheza alikuwa anacheka, na anayecheka hajabanwa.

Jumamosi, Noah alimrudisha Forget uwanjani. Hakumwacha hotelini aitafakari Ijumaa yake. Alimweka na Leconte wakacheza wawili wawili, wote wawili wa mkono wa kushoto, wakashinda. Jumapili, Forget akamkabili Sampras, akamfunga kwa seti tatu kwa moja, na kombe likarudi Ufaransa. Mechi ya tano haikuchezwa. Noah, ambaye pia ni mwimbaji, akawapanga wachezaji mstari mmoja wakazunguka uwanja wakicheza ngoma, mabega yanatikisika, viuno vinafuata, utadhani sindimba imehamia Lyon.

Jambo nililowaitia ni hili. Aliyefunga kazi Jumapili ndiye aliyeshindwa Ijumaa.

Mkasema, imetokea tu. Haya, twendeni Malmö, Sweden, mwaka 1996. Noah yuko kwenye kiti tena. Ijumaa, Arnaud Boetsch anafungwa na Thomas Enqvist kwa seti tatu bila. Jumapili jioni matokeo ni mbili kwa mbili, na anayebaki kucheza mechi ya mwisho ni nani? Boetsch. Upande wa Sweden Stefan Edberg, aliyekuwa anaaga mchezo, ameumia kifundo cha mguu, wamemwingiza Nicklas Kulti. Wakaenda mpaka seti ya tano. Kulti akafika mahali anahitaji pointi moja tu Sweden itwae kombe, na nafasi hiyo akaipata mara tatu mfululizo. Tatu! Boetsch akazizima zote, akashinda seti hiyo 10–8.

Mwaka 1997 wakampa timu ya wanawake. Ufaransa ilikuwa haijawahi kulitwaa kombe la mataifa la wanawake tangu lilipoanza mwaka 1963. Chini yake wakalitwaa, wakiwafunga Waholanzi kwao, kina Sandrine Testud na Mary Pierce. Nitaishia hapo kwa hilo, ingawa mabinti mlioko hapa mtanilaumu.

Kisha miaka mingi ikapita. Mwaka 2001 Guy Forget, sasa yeye ndiye nahodha, alilitwaa Kombe la Davis, lakini baada ya hapo kombe likagoma. Wakamrudia Noah. Novemba 2017, Lille, fainali na Ubelgiji. Mwezi Januari mwaka huohuo alikuwa amemzika baba yake, yule mzee aliyeruka kutoka jukwaani. Ijumaa, Lucas Pouille akafungwa na David Goffin wa Ubelgiji seti tatu bila. Jumapili Goffin akamfunga pia Jo-Wilfried Tsonga, ikawa mbili kwa mbili. Kanuni wakati huo zilimruhusu nahodha kubadilisha mchezaji, na benchi lilikuwa na watu. Noah akamwacha Pouille acheze. Pouille akamshinda Steve Darcis 6–3, 6–1, 6–0. Ile mechi ya mwisho hata Wafaransa wenyewe walishangaa ilivyokuwa nyepesi.

Forget, Boetsch, Pouille. Miaka 26, fainali tatu za Davis, wachezaji watatu ambao hawakulelewa na kocha mmoja, na kila mara aliyeleta pointi ya kombe alikuwa ametoka kushindwa siku mbili nyuma. Nimeangalia sana jambo hili na siamini ni bahati. Wapo wanaomwona Noah kama mshangiliaji tu, mtu wa rasta na muziki, asiyejua mbinu. Mimi naona mbinu yake ilikuwa kati ya Ijumaa jioni na Jumapili. Pale ambapo manahodha wengi wanashughulika na aliyeshinda, wanampongeza, wanampigisha picha, yeye alijua kwamba mtu wake wa Jumapili ni yule aliyenyamaza mezani.

Tujiangalie na sisi. Kwenye mashindano yetu, kuanzia ya kata mpaka UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari, mechi zinabanana. Asubuhi umefungwa, kesho asubuhi unacheza tena. Hatuna Jumamosi. Na binti mlinda goli wa netiboli aliyepitwa mara sita kipindi cha kwanza, akija pembeni anakuta nini? Anakuta mwalimu na wenzake wote wanasema kwa pamoja, kila mmoja na kosa lake la kumkumbusha. Umelala. Umeruka mapema. Nilikwambia. Zile dakika chache za mapumziko zinakwisha hata maji hajanywa. Siku hiyo jaribuni hivi: mtu mmoja tu aseme naye. Nahodha. Amkabidhi kikombe cha maji, asubiri anywe, kisha amwambie jambo moja, tena liwe la kufanya, kama "mfuate kulia, kushoto mwachie Asha." Ndiyo yote. Mengine mwalimu uyaandike kwenye daftari, utayatumia wiki ijayo.

Na usiku, bwenini, nahodha ajue nani hajala. Hilo halihitaji uwanja wala bajeti ya mkoa.

Ashe hakuwa nahodha wa kukumbatia, nimalizie kwa hilo kabla ya maswali, msije mkaondoka hapa kila mtu anataka kuwa Noah. Alikuwa mtu mkimya mno kwenye kile kiti, na wapo waliomlaumu kwamba haongei. McEnroe alimpa taabu kubwa kwa hasira zake. Hata hivyo Marekani walilitwaa kombe mara mbili chini yake, 1981 na 1982. Alifariki Februari 1993, baada ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa damu aliyoongezewa hospitali. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuwaelimisha watu juu ya ugonjwa huo, wakati wengi waliuficha. Mkimya akafaa, mwenye ngoma akafaa. Wote wawili waliwajua watu wao.

Maswali yalikuwa mengi. Nayaandika mawili.

Mwalimu mmoja kutoka Masasi aliuliza kama nahodha lazima awe alikuwa bingwa, maana yeye hakuwahi kucheza zaidi ya timu ya tarafa na vijana wanajua. Nikamjibu kwa mfano wa Leon Smith wa Uingereza. Hakuwahi kutamba kama mchezaji. Alikuwa kocha wa vijana, na miongoni mwa aliowafundisha wakiwa wadogo ni Andy Murray. Mwaka 2015 akiwa nahodha, Uingereza ililitwaa Kombe la Davis kwa mara ya kwanza tangu 1936. Murray hakuhitaji kuonyeshwa namna ya kupiga mpira. Alihitaji mtu anayemjua tangu utotoni aketi pale. Kwa hiyo, Mwalimu, hiyo timu yako ya tarafa inatosha.

Swali la pili lilitoka kwa binti nahodha wa netiboli wa Tandahimba, na ndilo lililonibana. Aliuliza, "Mwalimu, umetuambia waliochaguliwa. Walioachwa je?"

Nikamwambia habari za Nicolas Mahut. Mwaka 2017 Mahut na Pierre-Hugues Herbert walikuwa jozi inayojulikana dunia nzima, wamekwishashinda Wimbledon pamoja. Fainali ilipofika, Noah alimchukua Herbert akamwacha Mahut nje ya kikosi. Jumamosi akampanga Herbert na Richard Gasquet, ambao hawakuwa jozi ya kawaida. Walishinda, kwa hiyo watu wakanyamaza, lakini Mahut aliitazama fainali ya nchi yake bila kuwemo, na hakuna kombe linalomfutia mtu siku kama hiyo. Noah alimwacha yeye, na lawama ilikuwa yake kuibeba. Nilimwambia yule binti kwamba siku utakayowaacha wenzako kwenye orodha, uwaambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hawajaisoma ukutani.

Mwaka uliofuata, Novemba 2018, Ufaransa ilifika fainali tena, palepale Lille, na Croatia. Ilikuwa mara ya mwisho ya Noah kwenye kile kiti. Ijumaa walipoteza mechi zote mbili. Jumapili Marin Čilić akamalizia kazi, Croatia wakashinda tatu kwa moja. Ile moja ya Ufaransa ilipatikana Jumamosi, kwenye mechi ya wawili wawili. Waliocheza walikuwa Herbert na Mahut.